Mstari wa Kivuli

Dakawa, 14 Julai 2024

Mpendwa Mjomba Agustino,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Wilfred, na kwamba kifua kinakuachia ulale japo kidogo. Sisi huku hatujambo. Mpunga tumevuna, lakini Abel amegoma kuuza; anasema bei ya sasa ni ya kumtukana mtu mbele ya mkewe. Watoto wanashinda mferejini, hawatoki mpaka nichukue fimbo. Mimi ni mzito, kama ulivyosikia, na wakunga wanasema ni Desemba. Safari za kupanda milima nimekatazwa kabisa.

Barua hii namkabidhi Mama Angelina sokoni mjini, akishateremsha karoti zake. Ulisema mambo ya uchaguzi hutaki kuyazungumza kwenye simu, maana huko kwenu mtandao unapatikana mgongoni mwa mlima tu na mtu akipiga simu pale kijiji kizima kinasikia. Haya, nimekuandikia.

Deo alinipigia kutoka huko huko mgongoni. Anasema atagombea uenyekiti wa kijiji, tena kwa chama cha tatu, si hivi viwili mlivyovizoea Mkumbulu. Nilidhani ni utani. Mjomba, huyo ni mdogo wangu wa pekee, na umemlea wewe tangu mama alipofariki. Je, ni kweli? Na wewe umemwambia nini?

Wasalimie wote wanaonikumbuka.

Mpwa wako,
Lucy


Mkumbulu, 2 Agosti 2024

Kwako mpwa wangu Lucy,

Marahaba. Tumeamka salama, isipokuwa kikohozi, ambacho nimeishi nacho miaka mingi kuliko niliyoishi na mke wangu. Mama Wilfred hana tena haja ya kuuliza niko wapi. Akinisikia nakohoa kule bondeni anasonga ugali, nikifika mlangoni uko mezani. Njegere zimekubali mwaka huu. Hongera kwa huo uzito, na mwambie Abel mpunga hauozi kama kabichi, asubiri tu.

Ni kweli Deo anataka kusimama. Nimemwambia asisimame.

Wewe uliondoka hapa msichana, labda umesahau tunavyofanya. Enzi za chama kimoja wagombea walikuwa wawili, na kila mmoja alipewa alama, huyu jembe na huyu nyumba. Tukazoea. Vyama vingi vilipokuja vilipanda huku kimoja kimoja na bendera zao, tukavisikiliza, tukavipikia kuku. Vilipoteremka tukabaki vilevile: walio juu ya kijito ni Nyumba, walio chini ni Jembe. Serikali ina siku yake ya masanduku na tunakwenda kutumbukiza karatasi kama watu wote. Lakini majuma kadhaa kabla ya hapo tunakuwa tumepanga mistari kiwanja cha kanisani, na kilichoamuliwa na mistari ndicho kinachotumbukizwa.

Wagombea wanasimama mbele wakitazama mlima, migongo kwa watu, wasione nani amewafuata na nani amewaacha. Mhesabu anapita na mwanzi, anamgusa kila mtu begani, na kwa kila bega anatia harage moja kwenye kibuyu cha mgombea huyo. Akimaliza anamwaga maharage mkekani, anatamka hesabu, kisha anamwambia mgombea: geuka. Hakuna anayegeuka kabla ya kuambiwa. Mhesabu ni mimi, nilirithi kwa mjomba wangu.

Sasa Deo anataka mstari wa tatu. Huo upo, Lucy. Tunauacha wazi katikati, upana wa mtu mmoja, na tunauita mstari wa kivuli, kwa ajili ya karatasi za kura za zamani ambazo upande wa ndiyo palikuwa na sura ya mtu na upande wa hapana kivuli tu. Haukaliwi. Wawili wanatosha. Wakiwa wawili, ukimkataa huyu unajua umempata yule. Wakiwa watatu unaweza kuwakataa wawili na wa kwako usimpate.

Castory atasimama kwa Jembe, Rehani kwa Nyumba. Wote si wabaya sana.

Mjomba wako,
Agustino


Dakawa, 19 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama. Abel ameuza magunia machache, amenuna siku mbili, sasa amerudi kuwa mtu.

Wote si wabaya sana! Mjomba, hivyo ndivyo mtu anavyosifia viatu vilivyombana. Nilicheka, halafu nikakasirika.

Sikudanganyi kwamba wengi ni raha. Mwaka jana tulichagua mwenyekiti wa mfereji wetu, wakajitokeza watano. Aliyeshinda alishinda kwa kura za nyumba yake na ya shemeji zake, na hao wanne walioshindwa mpaka leo wakikutana naye tutani wanatazama mpunga. Kwa hiyo ninakuelewa. Lakini nilipotoka pale nilijua nimemchagua nani. Na maji yalipokosekana nilijua nikamgombeze nani. Ninyi huko, ukiondoa jembe na nyumba, ni lini mtu aliwahi kuulizwa anamtaka nani?

Lipo jambo jingine, na usinicheke. Marehemu mama alituambia habari ya babu Thobias, mdogo wake bibi. Kwamba aliwahi kusimama mbele ya huo mstari wenu wa kivuli, akitazama mlima, na watu wakacheka wakaenda zao bila mtu kumwambia geuka. Akaanza kutembea. Akapanda mpaka msituni na hakugeuka hata alipoitwa na mkewe. Mama alisema ni hadithi ya kutuzuia tusizurure. Naomba na wewe uniambie ni hadithi.

Na naomba ahadi moja. Deo namjua, hatasikia la mtu. Basi hata asipofuatwa na mtu yeyote, wewe umwambie geuka.

Lucy


Mkumbulu, 24 Septemba 2024

Kwako mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ya Agosti nimeipata juzi. Ilikuwa imelala chini ya tenga la Mama Angelina, imelowa, maneno mengine yamekimbia. Nimeipata baada ya mistari.

Nina habari njema: kikohozi kimeniacha. Tangu Jumapili ya mistari sijakohoa hata mara moja. Mama Wilfred badala ya kushukuru ananitazama tu. Jana niliingia ndani akaruka, akadondosha mwiko, akasema hakunisikia nikija. Ugali ulikuwa haujawekwa. Wengine nao wamepona. Mama Angelina aliyekuwa akichechemea sasa anakwenda wima, hata ndala zake hazisikiki. Castory mkewe anasema ameacha kukoroma. Juzi kwenye misa tuliimba wote, midomo ikifunguka vizuri, na bado nilisikia kijito kule chini. Kijiji kimetulia sana.

Mistari ilipangwa. Ukungu ulishuka mapema. Jembe walijipanga, Nyumba walijipanga, Deo akasimama katikati. Hesabu haikukamilika na watu wakatawanyika. Tutaona itakavyokuwa.

Deo hajambo. Anatembea sana siku hizi. Kama atafika huko, mpe chakula.

Agustino


Dakawa, 6 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima.

Deo amefika. Alhamisi mchana, jua la utosi, nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ghala nikipeta mpunga, nikamwona anapita tutani akinipa mgongo. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita kwa jina la utotoni, lile analolichukia. Hakugeuka. Ikabidi nikimbie na tumbo hili, nizunguke nimtokee mbele, ndipo akatabasamu. "Shikamoo dada," akasema. "Umenenepa." Amekonda, Mjomba, lakini uso wake una furaha, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nikamuuliza mbona hanitazami nikimwita. Akasema, "Sijaambiwa nigeuke."

Nikasema mistari ilishatawanyika, watu wako majumbani. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake asiyeelewa. "Wamenifuata wengi, dada. Nawasikia. Sikutegemea wengi hivi."

Amekaa kwetu siku tatu. Akiingia kwa mlango wa mbele anatokea wa nyuma, na akitaka kurudi ndani anazunguka nyumba yote. Anakula akitazama ukuta. Abel alimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili walikwenda pamoja kwenye majaruba, Deo mbele, na Abel akarudi peke yake, akakaa mlangoni. Baadaye akaniambia nikatazame tope. Nikaenda. Palikuwa na nyayo za Deo, na juu ya nyayo za Deo nyingine, na nyingine, tope limevurugwa upana wa mtu mmoja kama limepitwa na msafara. Nyingi zilikuwa za pekupeku. Mmoja wao alikuwa anaburuta mguu wa kushoto.

Sasa nitakuuliza na unijibu. Ile Alhamisi niliposimama mbele yake, uso kwa uso, nyuma ya bega lake pakiwa peupe kabisa mpaka mferejini, nilisikia mtu anakohoa. Kikohozi kirefu, kinavuta pumzi, kinarudi, halafu kile kidogo cha mwisho cha kusafisha koo. Nimelelewa na kikohozi hicho. Siwezi kukikosea.

Mjomba, Alhamisi mchana ulikuwa wapi?

Lucy


Mkumbulu, 13 Oktoba 2024

Kwako Lucy,

Marahaba. Mvua zimeanza kunukia. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha.

Alhamisi nilikuwa shambani napalilia, muulize mke wangu. Wenye vikohozi ni wengi duniani. Mwenye mimba husikia mengi, hata marehemu mama yako alikuwa hivyo.

Nakutumia karoti na maharage kidogo. Uyale bila hofu, si yale ya kwenye kibuyu.

Salamu kwa Abel.

Agustino


Dakawa, 19 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sikukuomba karoti.

Kibuyu gani? Uliandika kwamba hesabu haikukamilika. Sasa unanitajia kibuyu chenye maharage ambayo hayafai kuliwa na mtu. Ulihesabu nini, Mjomba? Kama nyuma ya Deo hapakuwa na mtu, kibuyu chake kingekuwa kitupu. Kama palikuwa na watu, mbona hujamwambia geuka?

Nilikwenda mjini kumsubiri Mama Angelina sokoni, Abel akinishika mkono njia nzima. Ni kweli hachechemei. Alinijia kutoka nyuma na tenga kichwani na sikumsikia hata kidogo. Nikamuuliza nani alisimama nyuma ya Deo. "Hakuna mtu." Nikamuuliza yeye alisimama wapi. "Jembe, kama siku zote." Nikamuuliza, basi, na ulikuwa unataka kusimama wapi? Akaanza kulia. Mjomba, machozi yalimtoka, mabega yakamtikisika, mdomo wazi, na hakuna sauti. Wauza nyanya walitutazama.

Nilimkasirikia sana kabla ya hapo. Sasa namwogopa, na ninyi wote nawaogopa.

Deo aliondoka Jumapili. Alisema ameanza kusikia wakimsukuma kidogo, kwa adabu, kama watu walio kwenye foleni ndefu. Ameelekea mlimani. Nilisimama nikamwangalia mpaka akawa mdogo, nikimwita, nikijua hatageuka, na nililia kwa sauti kubwa ili angalau mtu mmoja asikike.

Tamka hiyo hesabu.

Lucy


Mkumbulu, 28 Oktoba 2024

Mpwa wangu Lucy,

Marahaba. Nimeandika barua hii mara nyingi, na kila mara natia karatasi motoni. Leo nimempa Mama Angelina kabla wino haujakauka nisipate nafasi ya kujuta.

Siku ile ukungu ulishuka, lakini si kiasi cha kutoona mtu. Nilianza na Jembe. Mabega niliyoyagusa nayajua yote, nimewasimamia watoto wao ubatizo, nimechimba makaburi nao. Nikaenda Nyumba, vilevile. Nikabaki na kibuyu cha tatu, na nilishakibana kwapani nikisema hiki hakina kazi. Nikamtazama Deo amesimama peke yake na shati lake jeupe alilopiga pasi mwenyewe, na nikaona nyuma yake pana watu.

Sikushtuka, hapo ndipo nilipokosea. Nilifurahi. Nikasema moyoni, kumbe wamo wenye ujasiri. Nikaanza kugusa. Bega la kwanza lilikuwa la Mama Angelina. Lilikuwa baridi kama amelala nje. La pili mke wa Castory. La tatu Castory mwenyewe, Lucy, yeye aliyekuwa mgombea. Nikainua kichwa, nikamwona Castory kule mbele ya Jembe anatazama mlima. Nikamwona Mama Angelina katikati ya Jembe anatazama miguu yake. Na walikuwa hapa pia, chini ya mwanzi wangu, wamesimama wima wanamtazama Deo, na nyuso zao zilikuwa na raha ambayo sijawahi kuiona kwenye nyuso zao za siku zote.

Nikaendelea. Mkono haukuniacha nisimame. Kibuyu kilikuwa kizito, kikajaa mpaka shingoni. Watu wa juu ya kijito na watu wa chini wamechanganyika, kitu ambacho hata msibani hakitokei. Nikafika wa mwisho. Alikuwa na koti langu la kahawia, lile lenye kiraka. Nikaliona kabla ya kuona ni nani. Akakohoa.

Nilidondosha mwanzi. Watu wakaona nimedondosha mwanzi mahali ambapo kwao palikuwa peupe, mtu mmoja akapiga kelele, na wote wakakimbia. Hata mimi nilikimbia. Deo nilimwacha amesimama pale, hajaambiwa.

Umeniuliza mbona sitamki. Wewe unakaa Dakawa, mkigombana na mwenyekiti mnagombana. Hapa Nyumba wameshika chanzo cha maji na Jembe wameshika njia ya kupitishia mizigo sokoni. Shamba langu linanywa zamu ya Nyumba. Kila mtu hapa ana kitu ambacho mwenzake anaweza kukifunga. Ndiyo maana tunajua pa kusimama hata bila kufikiri, na ndiyo maana nilikuambia wawili wanatosha. Nikimwaga maharage hayo nitaulizwa ni ya nani. Nitawataja majirani zangu mbele ya waume zao, na wa mwisho nitajitaja mimi.

Habari ya Thobias si hadithi. Nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya ukuta wa kanisa. Mhesabu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Nilimwona anapita mstari wa kivuli akigusa hewa, midomo ikihesabu, halafu akakifunga kibuyu akakiweka darini. Hakukifungua mpaka amekufa. Sisi watoto tulisema mzee huyu ana bahati, maana tangu siku ile hakuota ndoto mbaya wala nzuri.

Deo anapita juu ya mashamba kila asubuhi. Juma lililopita alikuwa kwenye migomba. Jana alikuwa amevuka bustani ya mwisho ya kabichi. Hapo juu ni msitu.

Sijui la kufanya, na mimi ndiye mkubwa wenu.

Agustino


Dakawa, 3 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma mara moja tu, Abel ameificha.

Nilitaka kukuambia panda ukamwite. Halafu nikafikiri, akigeuka ataona nini? Ameniambia wamemfuata wengi, na ameishi kwa hilo tu, maana huko juu hata chakula sidhani kama anakula. Ukimwambia geuka na nyuma yake pakawa peupe, utakuwa umemuua pale pale. Bora msitu.

Kwa hiyo usimwite. Nenda kasimame. Wewe, na kifua chako, na koti lako la kiraka, kwa miguu hiyo uliyosimama nayo kila siku mahali usipopataka. Nafasi yako ipo, umeiona mwenyewe. Ukishasimama ndipo umwambie geuka.

Sikulazimishi umpende mgombea wa tatu. Kama ukifika pale ukaona moyo wako uko kwa Rehani, rudi kwa Rehani, ila urudi mzima. Lakini kama uko nyuma ya Deo, basi uwe nyuma ya Deo. Wakikunyima maji, Abel ana mpunga aliogoma kuuza; hutakufa njaa.

Siwezi kupanda. Ningepanda. Nakuomba wewe.

Lucy


Mkumbulu, 18 Novemba 2024

Kwako mpwa wangu mpenzi Lucy,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Natumaini tumbo liko salama na Abel anakuchotea maji bila kunung'unika. Mbuzi wa jirani, mmoja wa mapacha alikufa, mwingine anaruka.

Jumapili ya juma lililopita, baada ya misa, nilitandika mkeka kiwanjani. Watu walidhani nina biashara. Nikaleta kibuyu, na hakuna aliyeuliza ni cha nini. Nikamwaga. Maharage yakatoka, yakatoka, yakazidi mkeka, mengine yakabingirika kwenye nyasi. Watu walirudi nyuma kila moja lilipowasogelea. Nikasema: hii ni hesabu ya mstari wa tatu, niliihesabu mimi kwa mwanzi, na kila bega nililijua. Sitamtaja mtu. Kila mtu anajua kama lake limo.

Rehani alisema, "Babu, umechoka, nenda kapumzike," kwa ule upole wa mtu anayekukumbusha zamu ya maji. Nikajibu sijachoka. Nikainama nikachukua moja, nikasema hili ni langu, nikalitia mfukoni, nikashika njia ya juu.

Nilimkuta penye kabichi za mwisho, hatua chache aufikie msitu. Anatembea polepole sasa. Nyuma yake majani yalikuwa yanalala na kuinuka, yanalala na kuinuka, na ukiyatazama moja kwa moja huoni mtu, lakini ukitazama pembeni unaona migongo. Nikaona koti la kiraka, la mwisho kabisa, linachechemea kidogo kama ninavyochechemea nikipanda. Lucy, niliogopa. Niliogopa kuliko nilipozika mama yako. Nikaongeza mwendo mpaka nikalifikia, na sikusimama, nikaingia pale lilipokuwa. Ni kama kuvuka kijito mwezi wa saba, baridi inakupata magotini, kiunoni, kifuani. Ilipofika kifuani ikanikaba. Nikakohoa mpaka nikapiga magoti kwenye kabichi za watu.

Deo akasimama. Nikajikokota, nikamwekea mkono begani. Bega lilikuwa la moto, la mtu hai, na mifupa tu. Nikasema, "Deogratias, geuka."

Akageuka. Taratibu, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Alinitazama sana. Nilidhani atauliza wengine wako wapi. Akasema, "Kumbe ni wewe, Mjomba, uliyekuwa unakohoa nyuma yangu muda wote huu."

Nikasema ni mimi.

Ndipo tukasikia ndala. Kwenye ile njia ya juu, moja ikipiga, moja ikiburuta. Mama Angelina alikuwa anapanda anachechemea, analia kwa sauti kama kuna msiba, na ngumi yake ameifumba. Nyuma yake walikuja wengine, si wengi. Baadhi wa juu ya kijito, baadhi wa chini, hawatazamani.

Jumapili hii tumerudia mistari, na safari hii mhesabu amechaguliwa mwingine kwa sababu mimi nilikuwa na pa kusimama. Ameshinda Rehani. Castory amekuwa wa pili. Deo amekuwa wa tatu, mbali sana, na alipoambiwa geuka akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akacheka mpaka akakaa chini. Anakula sasa. Anageuka ovyo, hata bila sababu, Mama Wilfred analalamika anamvunjia sahani. Siku ya masanduku bado iko mbele, na sijui watu watatumbukiza nini. Tangu nizaliwe ni mara ya kwanza sijui.

Zamu yangu ya maji imesogezwa mwisho. Mwambie Abel asiuze mpunga wote.

Maharage yaliyobaki bado yako mkekani, na ni mengi. Hakuna anayethubutu kuyafagia, na kuku hawayagusi. Castory akitoka kanisani anazunguka kwa nyuma. Mkewe anasema bado hakoromi. Analala kimya kabisa na inambidi amguse kuona kama yupo.

Mimi kikohozi kimerudi. Jana nilikuwa napanda kutoka bondeni, nakohoa njia nzima, na nilipofika nyumbani ugali ulikuwa mezani.

Mjomba wako,
Agustino